Ofisi Nakasero au meza Bugolobi?

SWALI: Habari za kazi. Tuko watano, tunaandaa karatasi za forodha na kuweka hesabu za wenye malori yanayopita Malaba na Busia. Miaka mitatu tumefanyia kazi sebuleni kwangu, sasa wateja wanauliza ofisi iko wapi. Nimeonyeshwa chumba Nakasero cha mita za mraba 48: dola 12 kwa mita kwa mwezi, dola 3 za huduma juu yake, mkataba wa miaka miwili, amana ya miezi mitatu. Rafiki yangu ananivutia kwenye ofisi ya pamoja Bugolobi, meza moja shilingi 450,000 kwa mwezi. Mume wangu anasema huko ni kwa vijana wa kompyuta, mtu mwenye malori kumi hatatuheshimu. Wafanyakazi wangu wawili hushinda mpakani siku nyingi. Hatujasajiliwa VAT. Nichukue ipi? – Msomaji, Kampala

JIBU: Dada, kabla ya hesabu tuelewane maneno, maana hapa watu wengi huchanganya. Nikisema pango, ni pesa ya mwenye jengo. Nikisema kodi, ni ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwenye ofisi ya Nakasero utalipa vyote viwili, na hicho cha pili hakimo kwenye bei uliyotajiwa.

Mita 48 mara dola 15 ni dola 720. Pango la nyumba ya kuishi halitozwi VAT, lakini la biashara linatozwa asilimia 18 ikiwa mwenye jengo amesajiliwa, na jengo la Nakasero lenye bei ya dola huwa limesajiliwa. Inakuwa dola 849 na senti. Tuchukue dola moja kwa shilingi 3,600: ni kama 3,058,000 kwa mwezi. Kampuni iliyosajiliwa hiyo VAT huidai kwenye ritani yake. Ninyi hamjasajiliwa, kwa hiyo inatoka mfukoni mwenu moja kwa moja. Ongeza Yaka (umeme wa kulipia kabla), intaneti, mtu wa usafi na maji ya kunywa. Mimi huwekea ofisi ya watu watano 800,000. Umeshafika milioni 3.86, na hujanunua kiti hata kimoja.

Halafu pima chumba. Mwaka fulani nilimsindikiza mteja kwenda kusaini mkataba wa ofisi iliyoandikwa mita 48 kama hiyo yako. Nilikuwa na futi ya fundi kwenye mkoba. Tulipima ukuta kwa ukuta, tukapata 39. Tisa zilizobaki zilikuwa sehemu yake ya korido, ngazi na vyoo. Huo si wizi. Wapangishaji wengi hugawia wapangaji maeneo ya pamoja, mradi mkataba useme hivyo. Lakini kwa bei yako, mita tisa ni zaidi ya shilingi 570,000 kila mwezi za kulipia korido. Yule mteja hakujua mpaka futi ilipofika ukutani, na meneja wa jengo akawa anaangalia simu yake.

Sasa Bugolobi. Kosa la kawaida ni kuzidisha meza kwa idadi ya watu. Ninyi mko watano kwenye mishahara, ofisini mko watatu na nusu. Chukua meza tatu za mwezi, 1,350,000. Wale wawili wa mpakani walipiwe kwa siku wanazokuja. Tuseme siku nane kila mmoja kwa 30,000, ni 480,000. Uliza kama bei hizo zina VAT ndani. Kama hazina, jumla inapanda hadi 2,159,000. Tenga 300,000 nyingine za chumba cha mikutano na kuchapa, maana kazi ya forodha inakula karatasi. Unakaa chini kidogo ya milioni 2.5, viti, umeme na intaneti vikiwemo.

Tofauti ya milioni 1.4 ni kubwa, lakini si hiyo inayonifanya nikuzuie kusaini Nakasero. Kinachonitisha ni miaka miwili. Mteja wako mmoja mkubwa akihamisha malori yake mwezi wa nane, mkataba unabaki na miezi kumi na sita, karibu shilingi milioni 49. Ukiondoka bila kifungu cha kukuruhusu kuvunja mkataba mapema, mwenye jengo anaweza kukudai, na amana yako ya karibu milioni 7.8 ndiyo atakayoanza nayo. Kampuni inayotoka sebuleni haijui bado itakuwa na watu watatu au tisa mwakani. Kinachouzwa kwenye ofisi ya pamoja ni ruhusa ya kuondoka kwa notisi ya mwezi, na kwako hiyo ina thamani kuliko zulia.

Hata hivyo ukumbi wa wazi siupendi kwa kazi yenu. Fikiria saa nne asubuhi, dereva anapiga kutoka Malaba, lori limezuiwa, karatasi haisomeki. Kijana wako anaweka simu kwenye spika na kurudia kwa sauti jina la mwenye mzigo, namba ya kontena na thamani ya bidhaa. Meza ya pili amekaa usiyemjua, labda naye ni wakala wa mizigo. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na ninyi mnashika vitambulisho, namba za TIN na hesabu za watu. Sheria ikae pembeni kidogo: mteja akisikia siri yake imetembea, hatarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni chumba kidogo cha kufunga kwa ufunguo ndani ya ofisi ya pamoja, cha watu wanne, kwa miezi sita. Kitakuwa ghali kuliko meza tatu. Hata kikifika milioni 3 na VAT ndani, ningekichukua kuliko Nakasero. Kikikaribia milioni 3.8, hapo umelipa bei ya ofisi bila kuwa na ofisi, achana nacho.

Kuhusu heshima, mume wako hajakosea sana. Ofisi ya pamoja ya Hive Colab ilipoanza Kampala mwaka 2010, nafasi hizi kweli zilikuwa za vijana wa programu. Siku hizi utakuta mawakili, wahasibu na mashirika. Na mwenye malori kumi anaheshimu anayemtolea mzigo haraka. Makao makuu ya URA yako Nakawa, jirani tu na Bugolobi, na malori yenu yanaingia mjini kwa Jinja Road. Kutoka Nakasero, kila safari ya URA ni boda na foleni.

Kuna ulinzi unaoupoteza, nao ujue. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inazuia pango kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, inataka kumtoa mpangaji kupitie mahakamani, na inasema pango ni la shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine. Ofisi ya pamoja kwa kawaida hukusainisha uanachama, si upangaji. Wakipandisha bei au kukufungia mlango, utasoma fomu yao, si sheria hiyo. Isome basi kabla, hasa notisi, amana, na kama wanaruhusu anwani yao itumike URSB, kwa msajili wa makampuni, na kwenye leseni ya biashara ya KCCA, mamlaka ya jiji. Wengine wanatoza anwani peke yake, wengine hawataki kabisa. Mkishahamia, badilisheni anwani URSB na URA, barua za kodi zisiende kwenye sebule.

Dai ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, kila mwezi, popote utakapokaa. Mpokeaji wa pesa yako anayetakiwa kuitoa akikupa risiti ya kitabu, URA wanaweza kukataa gharama hiyo, nawe utalipa kodi ya mapato juu ya pesa ambayo umeshailipa.

Kabla hujalipa, kakae Bugolobi siku nzima ya Jumatatu kwa bei ya siku. Subiri umeme ukatike, uone jenereta inawaka baada ya muda gani na intaneti inarudi lini. Ingia kwenye kibanda cha simu, mwenzako asimame nje, umuulize alisikia nini.

Mwenye jengo wa Nakasero usimkatalie bado. Mwandikie: mwaka mmoja, haki ya kuvunja kwa notisi ya miezi mitatu, pango kwa shilingi, na mita zihesabiwe kama zilivyopimwa ndani ya kuta. Vyumba vinavyokaa vitupu hulainisha watu. Akikubali yote manne niandikie tena, maana hesabu yangu itakuwa imebadilika.