Usijenge bwawa la mbwa lisilo na pampu

Msimamishe fundi leo hii. Umeandika kwamba bwawa la kuogelea la mbwa wako hapo Njiro halitakuwa na pampu wala chujio, na kwamba kila Jumamosi utatia unga wa klorini wa kutosha wiki nzima. Hayo ndiyo maneno niliyouziwa na muuza dawa mmoja hapa mjini, ambaye huku akipima unga kwa kikombe cha chai alinihakikishia kwamba mbwa hunywa hata maji ya mtaro, kwa hiyo pampu ni anasa ya mahoteli.

Unga ule haudumu wiki. Jua huivunja klorini ndani ya saa chache, na kinachobaki huliwa na mkojo, mate na uchafu wa manyoya. Klorini ikikutana na mkojo hutoa ile harufu kali inayokereketa pua, ambayo mimi niliisifia mbele ya wageni nikidhani ni harufu ya usafi, kumbe ni dalili kwamba dawa imezidiwa. Muuza dawa akaniambia niongeze maradufu; macho ya mbwa yakawa mekundu, na baada ya siku chache kuta zikashika utelezi wa kijani. Mbwa mmoja alitapika usiku kucha. Daktari wa mifugo aliponiuliza maji hayo yanazungushwa na nini, nilimjibu kwamba yanazungushwa na mbwa wenyewe. Hakucheka, wala bili yake haikuwa ya kuchekesha. Alinieleza kwamba upo mwani wa kijani-bluu ambao sumu yake huharibu ini na kuua mbwa, na kwamba mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama huleta ugonjwa wa bakteria uitwao leptospirosisi, unaompata hata binadamu anayesugua bwawa.

Kwa hiyo maji yapite kwenye chujio kila siku, ama yamwagwe siku hiyohiyo. Ukiwa na pampu, toa manyoya kwenye kikapu chake kila jioni, kisha pima kabla ya kutia chochote: klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaliwa na uchafu, iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Fedha ya pampu ikikosekana, nunua beseni kubwa, lijaze asubuhi bila dawa yoyote, na jioni limwage migombani. Muuza dawa akikushauri vinginevyo, mwombe aoge humo yeye kwanza.