Chromebook ya mtumba kuwekwa Linux
Ndugu, hiyo Chromebook (laptopu ya mfumo wa Google) ya mtumba inakubali Linux, mfumo huria wa kompyuta, ila usikimbilie flashi ya USB ya kuwekea mfumo. Iwashe kwanza. Ikiandika kwamba inasimamiwa na shule au kampuni, mrudishie muuzaji, maana kufuli hilo hufunguliwa na walioisajili tu. Kama ni huru, bonyeza Esc, Refresh na Power kwa pamoja, halafu Ctrl+D, ili iingie hali ya msanidi (developer mode). Vilivyomo vyote vitafutika.

Nyingi za zamani zina skrubu moja kwenye bodi inayozuia fimwea (programu ya ndani inayoiwasha mashine) isibadilishwe, imekaa juu ya kiduara cha shaba kilichogawanyika. Itoe, ndipo utaweza kuweka fimwea mbadala ya MrChromebox (kwa prosesa za Intel na AMD tu, si ARM). Nakuomba sana, hifadhi kwanza nakala ya fimwea ya zamani kwenye flashi! Nyingi za karibuni hazina skrubu. Kwa nyingi kati ya hizo, kuondoa kizuizi hicho unachomoa betri, unatumia chaja.