Ketobeli ya kilo 32 kwa mkono mmoja: ngazi iliyokosekana

Ndugu uliyeandika kutoka Iringa umesema kwamba ketobeli (tufe la chuma lenye mpini juu) ya kilo 24 unaisukuma juu ya kichwa mara nane kwa mkono mmoja, lakini ya kilo 32 inakugomea usawa wa bega, nawe umeuliza kama dawa ni kuijaribu kila siku. Mimi nafanya mazoezi hapa Mbeya, na hiyo ya 32 niliipandisha baada ya kuiacha ikae pembeni kwa miezi kadhaa.

Ketobeli ni chuma cha Kirusi, na uzito wake ulihesabiwa kwa pudi, kipimo cha zamani cha takriban kilo 16.4, ndiyo maana hadi leo ngazi zake zilizozoeleka ni 16, 24 na 32. Kutoka 24 kwenda 32 unaongeza theluthi nzima kwa mkupuo, ilhali anayetumia chuma kirefu, kinachovikwa sahani za uzito kila upande, huongeza sahani ndogo mbili za kilo 1.25 na kuendelea na kazi yake. Bega lako halina ubovu wowote, limerushwa ngazi. Ya kilo 28 ipo viwandani, lakini kama huipati, chukua sahani ya kilo 2 uifunge kwenye tufe la kilo 24 kwa mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda, upande usiolalia mkono, uukaze hadi sahani isicheze kabisa. Hiyo ni 26. Baadaye funga mbili, upate 28. Haipendezi machoni, ila inafanya kazi.

Zoezi lenyewe fanya siku tatu kwa wiki, zisifuatane: sukuma mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu kwa kila mkono, urudie mzunguko huo hadi mara tano, na kila seti, yaani misukumo unayoifanya bila kupumzika, uiache ungali na nguvu ya kusukuma walau mara mbili zaidi. Siku moja kati ya hizo ongeza dedilifti, yaani kuinua chuma kizito kutoka sakafuni hadi usimame wima, kwa sababu mkono hausukumi vizuri juu ya kiwiliwili kinachoyumba. Kaza makalio na tumbo kabla chuma hakijaondoka begani.

Wapo wanaosingizia hewa ya nyanda zetu za juu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kweli ukizungusha ketobeli kwa dakika kumi utahema kuliko mtu wa Dar es Salaam. Lakini msukumo mmoja mzito hutumia nishati ambayo tayari imo ndani ya msuli, hausubiri oksijeni. Pumzika dakika tatu kati ya seti nzito, inatosha. Baridi ya Juni na Julai ndiyo ya kuiheshimu, hivyo asubuhi hizo pasha mwili moto kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu chakula sina mengi: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha, na maharage, mayai na maziwa vinakufikisha huko bila unga wowote wa kopo.

Utakapoisukuma 28 mara tatu bila kupinda mgongo, pumzika siku mbili, pasha mwili kwa 24, kisha jaribu 32 kwa mkono wenye nguvu zaidi. Ikikwama usawa wa paji la uso, ishushe taratibu, usiirudie siku hiyo, na urudi kwenye 28 kwa wiki nyingine tatu au nne.