Rafiki kala uyoga anasema kaona nuru, je hiyo ni kashfu (kufunuliwa mambo ya ghaibu)?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Niko Uholanzi kikazi, huku kuna aina ya uyoga wa kulewesha inauzwa dukani wazi wazi. Rafiki yangu Muislamu kaula, anasema kaona nuru, kalia sana, kajihisi karibu na Mungu kuliko siku zote alizoswali. Anadai hii ndo kashfu ya mawalii. Nimjibu nini?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah kijana wangu. Hukumu kwanza maana haina mjadala mrefu, Mtume (s.a.w.) kasema kila kinacholevya ni khamri na kila khamri ni haramu, kaipokea Muslim, na maulamaa wakaingiza humo humo hashishi, yaani bangi, japo hainywewi. Serikali ya huko kuruhusu duka hakubadilishi kitu.

Sasa hilo la nuru. Rafiki yako sidhani anadanganya, kuona kaona, ila kimetoka wapi? Gabon wafuasi wa Bwiti wanakula maganda ya mzizi wa iboga, mmea wa kulewesha, machungu balaa, ngoma na kinubi usiku kucha, na wanaowaona ni wazee wao waliokufa. Brazil kuna Santo Daime, dini iliyoanza miaka ya 1930, wanakunywa ayahuasca, dawa ya mimea ya kulewesha, wamevaa sare nyeupe huku wanaimba, wao bwana wanatokewa na Bikira Maria. Mexico nako Wamazateki walikuwa wanakula uyoga usiku ili wajue mgonjwa kapatwa na nini, habari zao zilipotoka kwenye gazeti la Life mwaka 1957 wageni wakamiminika mjini Huautla kumtafuta Mungu, mpaka mganga wao María Sabina akaja kusema zamani hakuna aliyeula kwa ajili hiyo, ulikuwa wa wagonjwa!

Na mwaka 1959 msomi wa Marekani Anthony Wallace aliwalinganisha wazungu waliopewa meskalini kwenye majaribio na Wahindi Wekundu wanaokula mmea wa peyote ibadani, dawa ni ile ile maana meskalini imo humo kwenye peyote. Wazungu mara furaha mara majonzi, wengine haya ikawatoka kabisa. Wahindi wametulia na heshima zao, wanaona mambo ya dini yao.

Sasa kama dawa inafunua ukweli mbona kila mtu anafunuliwa alichokwenda nacho? Mtume (s.a.w.) katufundisha ndoto ni tatu, bishara ya Allah, ya shetani ya kumhuzunisha mtu, na yale mtu anayojisemesha nafsini mwake. Hiyo ya tatu ni ya mtu aliyelala na akili zake, seuze aliyelewa. Rafiki yako kalelewa na Qurani na habari za nuru, unategemea aone nini, Bikira Maria?

Mawalii asiwasingizie. Imam Junayd, mkubwa wa masufi, alishasema elimu yao hii imefungwa na Kitabu na Sunna. Kwa hiyo kashfu ikipingana navyo inatupwa.

Usimcheke lakini, kiu yake ya Mungu ni ya kweli. Atubie, na swala zilizompita akiwa kalewa azilipe zote, maana kalewa kwa hiari yake. Wallahu a'lam.