Usilipie sera ya faragha kabla ya daftari la taarifa

Mkuu, usisaini kabla hamjawa na daftari la taarifa, yaani orodha ya taarifa za watu mnazokusanya na zinakokwenda. Salamu zitakuja baadaye.

Umesema mna programu ya simu ya kuweka miadi ya zahanati na mna ofa mbili za mawakili. Ya kwanza ni kifurushi: sera ya faragha, fomu ya ridhaa, mkataba wa wachakataji (kampuni za nje zinazoshughulikia taarifa kwa niaba yenu) na mwongozo wa wafanyakazi, vyote ndani ya siku tatu, na walichowaomba ni nembo na jina la kampuni tu. Ya pili inataka wiki tatu za "kuuliza maswali tu" kabla ya kuandika mstari hata mmoja, halafu bei yake iko juu. Unauliza uchukue ipi, na kama afisa wa ulinzi wa taarifa lazima awe mwanasheria.

Siku tatu! Anaandika nini mtu ambaye hajauliza mnakusanya nini? Huyo anawauzia mbuzi kwenye gunia, na kwa kuwa gunia lina nembo yenu, mnaliona zuri.

Sera ya faragha ni tamko la hadhara la mambo mnayoyafanya na taarifa za watu. Mkikaa bila sera, mna kosa la kutowaarifu wahusika. Mkiweka sera isiyo ya kweli, kosa hilo liko palepale na limeongezeka la kuwadanganya, tena ushahidi wake mmeuandika wenyewe, una tarehe, na yeyote anaweza kuuhifadhi kwa picha ya skrini. Mchunguzi hahitaji kuvunja mlango. Anasoma sera yenu, anafungua programu yenu, analinganisha.

Chukua sentensi tatu ambazo hazikosekani kwenye vifurushi vya namna hii. "Hatutoi taarifa zako kwa mtu mwingine yeyote." Ujumbe wa kukumbusha miadi unatumwa na nani? Kampuni ya ujumbe mfupi, ambayo sasa ina namba ya mgonjwa, jina la zahanati na saa ya miadi. Kama zahanati ni ya magonjwa ya akili, au ya uzazi, hapo imeshajua habari za afya bila mtu kutaja ugonjwa. Ongeza anayepokea malipo, anayehifadhi barua pepe, anayewatumia ripoti programu inapokwama.

"Taarifa hufutwa ndani ya siku 30." Kwenye jedwali kuu, labda. Lakini bekapu, yaani nakala za akiba, zinakaa siku 90, kumbukumbu za seva hakuna anayejua zinakaa muda gani, malalamiko ya mgonjwa yako kwenye mfumo wa huduma kwa wateja, na kuna faili la Excel alilotumiwa mhasibu kwa barua pepe ili alinganishe malipo. Faili hilo litaishi kuliko kampuni.

"Taarifa haziondoki nchini." Hii ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu anayeisaini kwa kawaida anaiamini kwa moyo mweupe. Seva iko nchini, kweli. Ila watu wa programu waliweka humo kipande cha kampuni nyingine cha kuhesabu matumizi, na kila mgonjwa anapobonyeza kitufe, jina la tukio linaruka kwenda kwenye seva za mbali. Kama kitufe kimeitwa "kliniki_ya_ukimwi_chagua", basi jina la tukio ndilo taarifa nyeti.

Usidhani natunga. Flo, programu ya kufuatilia hedhi yenye watumiaji zaidi ya milioni 100, iliwaahidi wanawake kwamba habari za afya zao zitabaki siri. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikadai kwamba matukio ya ndani ya programu, likiwemo la mtumiaji kuweka wiki ya ujauzito, yalikuwa yakifika Facebook na Google kupitia vipande vya namna hiyohiyo. Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2021, na kampuni ikatakiwa kuwaarifu watumiaji na kukubali mapitio ya mtu huru. Mwaka 2023 BetterHelp, ya ushauri nasaha mtandaoni, ikakubali kulipa dola milioni 7.8 kwa madai ya aina hiyo. Wote walikuwa na sera nzuri za kusoma. Zilizowafunga ni sera hizohizo.

Sasa sikia sehemu ambayo sisi kwenye kampuni yetu tuliumia, na hapa sitaki utani. Sera mbovu haikai kwenye tovuti, inatembea. Mteja mkubwa analeta dodoso la usalama lenye maswali 80. Nani analijaza? Kijana wa mauzo, na anachonakili ni sera, kwa sababu ndilo andiko pekee lililopo. Majibu yale yanaambatishwa kwenye mkataba kama kiambatisho, na mkataba una kifungu cha kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli na kifungu cha kumfidia mteja yakiwa si kweli. Sentensi moja ya kiolezo imeshageuka kuwa uvunjaji wa mkataba. Mteja akituma mkaguzi wake na kukuta bekapu za siku 90, hana haja ya kwenda kwa mamlaka yoyote. Anasimamisha malipo, basi. Kisha mnaanza kazi ambayo ingefanywa mwanzo, ila safari hii mawakili wawili wanalipwa kwa saa na mmoja wao ni wa upande wa pili.

Na yule mshauri aliyetuuzia sisi kifurushi kama hicho? Simu haipokelewi. Yule bwana alitubandikia hadi muhuri wa "tumekidhi GDPR", kana kwamba kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inauzwa kwa stika. Katika sera yetu kulikuwa na kifungu kizima cha kulinda taarifa za wageni wanaolala vyumbani mwetu. Hatuna hata kochi. Ndiyo, tulisaini bila kusoma, msinicheke, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mimi leo nikiona neno kifurushi napandwa na presha.

Kwa hiyo: daftari kwanza, karatasi nyingine zote baadaye. Naliita daftari la uchakataji. Wengine huita ramani ya taarifa. GDPR inalidai kwenye kifungu cha 30, lakini hata pasipodaiwa na sheria hamwezi kuandika kitu cha kweli bila hilo.

Mstari mmoja kwa kila shughuli, si kwa kila mfumo. "Kukumbusha miadi" ni mstari. "Kulipa mishahara" ni mstari. Safu zake: taarifa zipi, za nani, zinaingilia wapi, nani ndani anaziona, zinakaa wapi, zinakwenda kwa nani na nchi gani, msingi gani wa kisheria (sababu ambayo sheria inawaruhusu kuzitumia), zinafutwa lini na nani anabonyeza kufuta. Hiyo ya mwisho wengi huiacha. Muda wa kufuta usio na mwenye kuutekeleza ni sentensi ya kiolezo nyingine.

Msitume fomu kwa wakuu wa idara wajaze. Watajaza wanavyodhani kazi inafanyika. Mwanasheria na mtu wenu mmoja wakae na anayefanya kazi yenyewe, dakika 45 zinatosha, wamwombe afungue kompyuta aoneshe alichofanya jana. Hapo ndipo mnakuta kundi la WhatsApp lenye picha za vitambulisho, na nakala ya kanzidata halisi ambayo watu wa programu wanaifanyia majaribio na nywila yake ni jina la kampuni. Anzeni na huduma kwa wateja. Wao hupitiwa na kila kitu.

Halafu hakikini kwa njia tatu zisizotegemea kumbukumbu ya mtu. Mhasibu atoe malipo yote ya kadi ya miezi 12: kila huduma ya mtandaoni mnayoilipia itajitokeza, zikiwemo alizojiunga mtu wa masoko aliyeshaondoka. Mtu wa programu atoe orodha ya vipande vyote vya wengine vilivyomo ndani ya programu. Mwisho, tovuti ifunguliwe kwenye kivinjari, upande wa kuonesha mawasiliano ya mtandao, muone inazungumza na anwani zipi kabla mgeni hajabonyeza kukubali kuki, yale mafaili madogo ya kumfuatilia. Huduma za bure hazitaonekana kwa mhasibu, ndiyo maana njia zote tatu zinahitajika.

Jambo la kumwambia wakili mapema: maoni yake yasiingie kwenye daftari. Daftari litaombwa na mamlaka siku moja, nanyi mtalitoa. Andiko la "hapa mnavunja sheria, na hatari yake ni hii" liwe barua tofauti, kutoka kwa wakili kwenda kwa mteja wake, ili lipate kinga ya usiri wa wakili na mteja kwa kadiri sheria yenu inavyotoa. Mkichanganya, mmeyakabidhi wenyewe.

Kwenye mkataba wa kazi na wakili, gaweni malipo. Awamu ya kwanza ilipwe daftari likishathibitishwa na kila idara, siyo siku ya kusaini. Kisha rasimu ya sera ije na namba pembeni mwa kila sentensi, namba ya mstari wa daftari unaoithibitisha. Sentensi isiyo na namba inakatwa hata kama inapendeza. Mtashangaa sera inavyopungua.

Fomu ya ridhaa iliyomo kwenye kifurushi nayo ni mtego. Wauza violezo hupenda ridhaa kwa kila jambo kwa sababu haihitaji kufikiri. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote, na ikiondolewa mnaacha. Mkiomba ridhaa ili kutunza risiti za malipo ambazo sheria ya kodi inawalazimisha kutunza, mtafanya nini mgonjwa akisema naiondoa? Hamwezi kumgeukia na kumwambia tulikuwa na msingi mwingine mfukoni. Mfanyakazi naye: ridhaa anayompa bosi wake ni nadra kuhesabika kuwa ya hiari. Kila mstari wa daftari uwe na msingi wake, na kwa taarifa za afya sheria nyingi zinataka sharti la ziada juu ya msingi huo.

Mkataba wa wachakataji pia hauandikiki bila daftari, maana hamjui wachakataji ni akina nani. Na saa za kuarifiana taarifa zikivuja zipangwe humo kwa kurudi nyuma. GDPR inatoa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu mlipojua taarifa zimevuja. Kenya nako ni saa 72, na mchakataji anatakiwa amwarifu aliyemtuma ndani ya saa 48 inapowezekana. Kampuni ya ujumbe mfupi ikitumia saa 48 zote kabla ya kuwaambia, na hamjui ni wagonjwa wangapi wamo na walikuwa wa zahanati zipi, mtaandika taarifa ya kubahatisha. Muwekee mchakataji saa 24, na mkataba umlazimishe kutaja aina za taarifa na idadi ya watu, siyo kusema tu "kumetokea tukio".

Ngoja nirudi juu, uliuliza jingine. Afisa: hapana, halazimiki kuwa mwanasheria. Awe anaijua sheria na anaielewa mifumo, ila asiwe mtu anayejikagua mwenyewe. Mkuu wa teknolojia au wa masoko hafai, kwa kuwa ndiye anayeamua taarifa zitumikeje. Ubelgiji mwaka 2020 kampuni ya simu Proximus ilipigwa faini ya euro 50,000 kwa sababu afisa wake alikuwa pia mkuu wa uzingatiaji wa sheria, hatari na ukaguzi. Nanyi mkimteua huyo afisa leo bila daftari, mtakuwa mmemwajiri mlinzi bila kumwambia nyumba ina milango mingapi.

Hao wa wiki tatu wabaneni kidogo, kwa programu ya ukubwa wenu mbili zinaweza kutosha. Kesho asubuhi tuma swali moja kwa ofisi zote mbili: "Mtamhoji nani, na mtaanza na idara gani?" Wa kifurushi wakikujibu kwa kukutumia tena bei, nakala ya jibu hilo iweke hapa tuione.