Windows ya majaribio imeanza kujizima kila saa, nifanyeje?

SWALI: Kaka Fundi habari za kazi. Mi niko IT kwenye ofisi moja kubwa, kompyuta zinapita 600. Miezi mitatu nyuma tulitaka kujua kama programu yetu ya mishahara itakubali Windows 11, tukashusha ile Enterprise (toleo la makampuni) ya majaribio tukaiweka kwenye mashine 20. Jaribio likaisha ndani ya wiki mbili tu ila hakuna aliyekumbuka kuzirudisha, watu wa uhasibu wakaendelea nazo. Sasa juzi tarehe 28, mishahara ndo inaandaliwa, skrini zikawa nyeusi na mashine zinajizima kila baada ya saa moja. Bosi anasema nirudishe tarehe nyuma. Nisaidie kaka.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana mdogo wangu, najua presha ya tarehe 28 ilivyo. Mashine hazijaharibika, toleo hilo linapewa siku 90 na zikiisha ndo linafanya hivyo hivyo ulivyoona, na Microsoft hawajaanza leo, hata Windows 7 ya majaribio ilianza kuzima kompyuta kila baada ya masaa mawili kuanzia tarehe 1 Machi 2010, ikafa kabisa tarehe 1 Juni.

Tarehe usiguse. Mashine iliyo kwenye domeini (mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva) ikipishana saa na seva zaidi ya dakika 5 inaanza kukataliwa kulogin, alafu hapo ni mishahara, utakuwa na malipo yenye tarehe za uongo na mkaguzi akija utamwambia nini? Kuna amri ya slmgr /rearm inayoongeza siku, na slmgr /dlv inakuonyesha umebakiza mara ngapi, itumie kama imebaki ili watu walipwe mwezi huu basi, maana leseni ya majaribio si ya kufanyia kazi za ofisi.

Ila shida yako hasa ni kwamba tarehe pekee mliyokuwa nayo ni ya Microsoft, na nyie hamkuwa na ya kwenu. Mashine ya majaribio ikikaa mezani kwa mtu bila tarehe anaizoea, anaweka faili zake, mwezi wa pili ukimwambia unaichukua anakuona adui, na wala simlaumu maana hakuna aliyemwambia. Kwa iyo siku ile ile ya kuinstoli weka tarehe yenu, iwe wiki mbili kabla ya ile ya Microsoft, yani siku ya 75 hivi, ili ukichelewa uwe na pa kupumulia. Mi napenda tarehe ikae kwenye jina la mashine lenyewe, mfano TST-20270630-04, hizo ni herufi 15 kamili na ndo mwisho wa jina la kompyuta kwenye Windows, yeyote akiifungua orodha anaona. Iandike pia kwenye picha ya nyuma ya skrini (wallpaper) pamoja na jina la anayesimamia jaribio, maana mashine isiyo na mwenyewe hairudi. Zote ziweke kwenye OU yake peke yake, yani kundi lake ndani ya domeini, tarehe ikifika unazima akaunti za mashine hizo kwenye domeini, ila wiki moja kabla uwe umewapigia simu watu wenyewe, imeili hawasomi. Anayetaka kuongezewa muda aombe kwa maandishi na apewe tarehe nyingine, asiachiwe hivi hivi.

Kwa sasa anza na uhasibu, hamisha faili zao kwenye diski ya nje leo jioni kisha uinstoli upya Windows yenye leseni, maana Enterprise ya majaribio haigeuzwi kuwa ya kudumu kwa kuweka ki (namba ya leseni) tu. Na kama mna Windows Server ya majaribio, ile ya siku 180, iangalie kesho asubuhi. Hiyo inageuzwa kwa DISM, amri iliyomo ndani ya Windows, bila kufuta kitu, ila kama mmeifanya domeini kontrola (seva inayosimamia domeini) haikubali mpaka uivue kwanza hiyo kazi, na hakikisha ipo kontrola nyingine inayoshika nafasi kabla hujaivua.