Usimsukume mbuzi wako kwenye paji la uso

Doa alikuja kwangu akiwa na umri wa siku 9 na uzito wa kilo 3 na kidogo. Mama yake alikufa baada ya kuzaa, nikamlea kwa chupa. Alikuwa mweusi tii, na katikati ya paji la uso alikuwa na baka jeupe ambalo lilimpa jina. Baka hilo ndilo lililouvuta mkono wangu. Nilikuwa naliwekea kiganja na kusukuma polepole, naye anasukuma. Nikimwachia, anarudi nyuma hatua mbili, anainuka kwa miguu ya nyuma, kisha anakiangukia kiganja changu kwa kichwa. Kila mgeni aliyefika nyumbani alitaka kuujaribu mchezo huo. Tulicheka sana siku zile.

Miezi 16 baadaye Doa alikuwa na kilo 48 na pembe zilizojaa mkono. Mpwa wangu wa miaka 6 alikuwa bandani pamoja nami, akainama kufunga kamba za kiatu. Mimi nilikuwa namimina maji. Nilipogeuka, Doa alikuwa ameshasimama kwa miguu ya nyuma, shingo ameipinda kidogo upande, kama alivyosimama mara mia mbele ya kiganja changu. Mtoto alivunjika mtulinga.

Doa hakuwa mkali siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliona kichwa kimeshushwa mbele yake, akaufanya mchezo niliomfundisha mwenyewe. Kwa hiyo ukinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: chochote unachocheza na mtoto wa mbuzi leo, kicheze ukimfikiria akiwa mkubwa, mwenye pembe, na mbele yake kuna mtu asiyejua mchezo wenu. Udongo uwahi ungali maji.

Kwa mbuzi, kichwa ni cha kushindania cheo. Wawili wakigonganisha vichwa wanaamua nani atangulie kwenye chakula na nani alale penye pakavu. Ukimsukuma paji la uso, au ukamshika pembe na kumtikisa kwa utani, unamwambia kuwa wewe ni wa rika lake na uko tayari kupimana naye nguvu. Mbuzi aliyekua na wenzake angalau hufundishwa adabu nao. Yule aliyelelewa peke yake kwa chupa hana wa kumfundisha, na huona binadamu ndiye mbuzi mwenzake. Akiwa dume ndiyo hatari zaidi, kwa sababu msimu wa kupanda majike ukifika hata mpole hubadilika. Kama unataka mbuzi wa kucheza naye na huna mpango wa kuzalisha, chukua jike au dume aliyehasiwa na daktari wa mifugo. Na chukua wawili. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hulia kutwa nzima, na upweke huo humfanya akung'ang'anie wewe kwa kila namna, pamoja na kukurukia.

Basi ucheze naye nini? Cheza na miguu yake. Mbuzi ameumbwa kupanda, na furaha yake kubwa ni kusimama juu ya kitu na kutazama chini. Mimi nilizika magurudumu makuukuu ya gari hadi nusu yake, nikaweka magogo mawili na meza fupi ya mbao nene. Hakikisha hakuna kinachoyumba, hakuna msumari uliochomoza, na mbao hazitelezi zikilowa. Viweke mbali na uzio, la sivyo umemjengea ngazi ya kutokea. Jioni wadogo hushikwa na wazimu wa furaha, wanakimbia na kuruka kiubavu wakijipinda hewani. Hapo watoto wa watu wakae kando, watazame tu.

Na asipande mgongoni kwako. Najua inavyopendeza, kwato ndogo nne zikikukanyaga begani. Lakini ni ile ile hadithi ya kiganja.

Mafunzo yenyewe ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, maana mbuzi ana akili na ana tamaa. Chagua neno moja fupi, mimi hutumia "Eee!", ulitamke papo hapo anapofanya unachotaka, kisha umpe kipande kidogo cha karoti kisichozidi ukubwa wa haragwe. Anza na jina lake: muite, akigeuza shingo, "Eee!", mpe. Halafu chukua fimbo, ifunge kitambaa nchani, na kila anapokigusa kwa pua mtuze. Akishaelewa hilo, unaweza kumwongoza kwa fimbo hiyo apande gogo, aingie bandani, au asimame juu ya meza umkate kwato, bila kumvuta hata kidogo. Dakika 5 zinatosha kwa mara moja. Akianza kutazama pembeni, acha.

Mpe tuzo kwenye kiganja kilichonyooka. Mbele juu mbuzi hana meno, ana ufizi mgumu tu, ndiyo maana watu hudhani hang'ati. Nyuma ana magego yenye makali, na kidole kikifika huko utakijua. Usimlishe kutoka mfukoni pia, kwani ataanza kuvuta nguo za kila mtu. Nafaka iwe adimu, na gunia lifungiwe mahali asipofika. Tumbo la mnyama anayecheua halistahimili nafaka nyingi kwa ghafla: hugeuka kuwa na asidi kali na kumwangusha, wakati mwingine kumuua. Kwa dume aliyehasiwa nafaka nyingi pia huchangia vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona anajikamua na mkojo hautoki, usingoje kesho, mwite daktari.

Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2016 na wanasayansi wa Queen Mary University of London ambao uliniongezea subira. Waliwazoesha mbuzi kufungua kisanduku chenye chakula, kisha wakakifunga kisifunguke. Mbuzi walimgeukia mtu aliyekuwepo na kumtazama, na walimtazama zaidi akiwa amewaelekea kuliko akiwa amewapa mgongo. Tangu nijue hilo, Doa akisita na kunitazama sikasiriki tena kwamba ni mkaidi. Najua amekwama. Narudi hatua moja nyuma, narahisisha kazi.

Kwenye kamba, kosa la wengi ni kuvuta. Mbuzi akivutwa naye huvuta, na ukanda wa shingoni humkaba koo. Kaza kidogo tu, ngoja, akipiga hatua hata moja legeza mara moja na umsifu. Usimkokote kwa pembe. Za mtoto huweza kuvunjika na kutoa damu nyingi. Na usimwache amefungwa kamba peke yake, hata kwa muda mfupi. Hujizungusha akajinyonga, na mbwa wakija hana pa kukimbilia.

Kumkaribia nako kuna namna yake. Mboni zake zimelala kama mstari, na macho yako kandoni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Njoo kwa ubavu, ukiongea. Mkuno uanzie kifuani, chini ya taya, au katikati ya mabega, kamwe siyo utosini. Kisha osha mikono kwa sabuni. Mbuzi mwenye vidonda vya magamba midomoni usimguse mikono mitupu, maana ugonjwa huo huhamia kwenye ngozi ya binadamu. Mjamzito asisaidie mbuzi anayezaa wala asishike kondo lake.

Jifunze pia kumsoma. Manyoya yakisimama kwenye uti wa mgongo, kidevu kikaingia shingoni na kichwa kikainama upande, mchezo umekwisha. Simama wima, sogea kando, usimpe mgongo, usikimbie, usiiname.

Doa tulimrekebisha, ila kwa gharama ya muda. Daktari alimhasi, jambo lililopunguza joto, lakini tabia aliyokwisha kuizoea haikuondoka kwa kisu. Nilikuwa natembea na chupa ya kupulizia maji; akishusha kichwa, anapata rasharasha usoni nami naondoka bandani bila neno. Akinijia kwa pua, "Eee!" na karoti. Sikumpiga hata mara moja, kwa sababu kwake pigo nalo ni jibu la mpambano. Nilimletea pia mwenzake, jike mtu mzima anayeitwa Kungu. Siku ya kwanza Doa alimjaribu mara tatu, na mara zote tatu Kungu alimrudisha hadi ukutani. Kungu alimfunza mengi zaidi kwa wiki mbili kuliko mimi kwa miezi miwili. Kwa jumla ilituchukua karibu miezi mitano hadi akaacha kuniinukia, na hata sasa simwachi peke yake na mtoto.

Mpwa wangu ana miaka 9 sasa. Wiki nzima baada ya kuumia alikuwa akiniuliza kama Doa alimchukia, nami sikuwa na jibu lingine ila kumwambia ukweli kwamba kosa lilikuwa langu. Siku hizi akija husimama mlangoni pa banda na kuuliza, "Mjomba, manyoya yamelala?" Naangalia mgongo wa Doa. Yakiwa yamelala namfungulia, anakaa juu ya gurudumu na kunyoosha kiganja chini, usawa wa kifua cha mbuzi. Kamba za viatu anakuwa ameshazifunga huko nje.